Pikapu Kuukuu za Tarbaj: Usione Zatembea, Zimeundwa

MSOMAJI, iwapo unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, bila shaka umewahi kuliona gari lililozeeka likiwa limetelekezwa nyuma ya gereji. Magurudumu yameng'olewa, kuku wanatagia chini ya usukani na watoto wamelifanya uwanja wa michezo. Mjini, gari la miaka arobaini ni mzigo kwa mwenyewe na kero kwa jirani.

Huko Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, mambo ni kinyume. Gari la umri huo ndilo linalopeleka maji nyumbani, mbuzi sokoni, maziwa ya ngamia mjini na mgonjwa hospitalini. Likilala, watu wengi hulala na kiu. Ndiyo maana, ukifika huko, usishangae kuona wanaume watano wameinama juu ya injini moja huku mmoja wao akishika spana kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji.

Leo nakualika tufunge safari ya kwenda huko, si kutazama wanyama wala mahoteli, bali kutazama jinsi binadamu anavyoweza kuikarabati na kuibadilisha mashine iliyoundwa Japani hadi ikakubaliana na nchi ya jua kali na changarawe.

SAFARI NDEFU

Ukitaka kufika Tarbaj kwa barabara, utapanda basi mtaani Eastleigh, Nairobi, upite Thika na Mwingi hadi Garissa. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 360. Hapo utavuka Mto Tana, na ukishauvuka utahisi kwamba umeingia nchi nyingine: hewa ni moto, miti ni mifupi na mbele yako ni tambarare tupu isiyo na mwisho.

Kutoka Garissa unashika njia ya Modogashe na Habaswein kwenda Wajir, kilomita nyingine zaidi ya 300. Wajir ni mji wa visima. Tangu kale wafugaji wamekuwa wakikutana hapo kunywesha ngamia. Wakoloni Waingereza waliopelekwa kufanya kazi huko, mamia ya kilomita kutoka baharini, walijichekesha kwa kuanzisha klabu waliyoiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua mahali pasipo na bahari, ziwa wala mto wa kudumu.

Ukitoka Wajir unaelekea kaskazini, kwenye njia ya El Wak na Mandera. Baada ya kilomita hamsini na ushei utakuwa Tarbaj. Hapo zamani eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Tangu uchaguzi wa 2013, Tarbaj imekuwa eneo bunge linalojitegemea, lenye wadi nne: Tarbaj, Elben, Sarman na Wargadud.

Sitakuficha, msomaji, kwamba njia hii ina hatari zake. Desemba 2019 basi moja lilishambuliwa katika barabara hii ya kwenda Mandera na abiria wakauawa. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka Wajir, uliza hali ya usalama kwa wenyeji na kwa maafisa wa polisi, wala usisafiri usiku kwa ubishi.

KWA NINI HAZIFI

Ukifika utapokewa kwa chai ya maziwa ya ngamia, na ukiwa na bahati utaletewa wali kwa nyama ya mbuzi au nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Mzee utamwita "adeer", yaani baba mdogo, na kijana wa rika lako utamwita "walaal", ndugu. Ukishajua maneno hayo mawili, milango mingi itafunguka, hata ule wa gereji.

Gereji yenyewe aghalabu ni kivuli cha mti. Chini yake ndipo utazikuta pikapu ninazozisema. Nyingi ni Toyota Land Cruiser. Baadhi zina namba za usajili za kale, zile zilizotangulia namba za KAA zilizoanza kutolewa 1989. Hapa na pale bado kuna Land Rover, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam 1948, na ambalo kwa miaka mingi liliunganishwa hapa Kenya katika kiwanda cha Leyland mjini Thika.

Lakini Land Cruiser ndiyo iliyoiteka nchi ya ukame. Jina hilo lilianza kutumika 1954. Mwaka 1960 ukaja mtindo uliojulikana kama wa 40, na pikapu yake ndefu ikaitwa 45, kisha 47. Mwaka 1984 ukaja mtindo wa 70, ambao bado tunaukuta ukibeba polisi, miraa na mashirika ya misaada.

Siri ya maisha marefu ya magari haya ni usahili wake. Fremu yake ni vyuma viwili vizito vilivyounganishwa kama ngazi, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Springi zake ni vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pampu ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe, bila kompyuta. Fundi mwenye spana, nyundo, jeki na masikio mazuri anaweza kuufahamu ugonjwa na kuutibu papo hapo. Gari la kisasa likizimika katika njia ya Kutulo kwa sababu ya kifaa cha elektroniki cha ukubwa wa kidole gumba, utangoja hadi kifaa kije kutoka Nairobi.

PETROLI YAPISHA DIZELI

Badiliko kubwa kuliko yote ni lile la kuitoa injini ya petroli na kutia ya dizeli.

Land Cruiser nyingi za awali zilikuja na injini ya petroli iliyoitwa F, ya silinda sita na karibu lita nne. Ilikuwa na nguvu na sauti tamu, lakini ilikunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani. Isitoshe, katika joto la huku petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na gari likazimika hali tanki limejaa. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yake: kitambaa kilichoroweshwa maji kilifungwa kwenye pampu ya mafuta ili kuipoza. Sasa fikiria, msomaji, kuyamwagia gari maji ambayo mtoto wako anayahitaji kunywa.

Injini ya dizeli haina kabureta, koili wala plagi za kutoa cheche. Hewa hukandamizwa hadi ikapata moto mkali, kisha mafuta yanyunyizwe na kuwaka yenyewe. Vitu vya kuharibika ni vichache na mafuta huenda mbali zaidi. Basi mwenye pikapu ya petroli hutafuta injini ya 2H, ya silinda sita na lita nne, iliyoanza kutumiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwenye fedha zaidi hutafuta 1HZ ya lita 4.2, iliyotokea 1990 na ambayo imeendelea kuundwa kwa zaidi ya miaka 30.

Usidhani kwamba kazi hii ni ya kutoa moja na kutia nyingine. Vikalio vya injini kwenye fremu havilingani, hivyo hukatwa na kuchomelewa upya. Ganda linaloiunganisha injini na giaboksi ni tofauti. Shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu huenda ikahitaji kufupishwa au kurefushwa. Stata ya dizeli huhitaji betri yenye nguvu zaidi. Bomba la moshi, mabomba ya mafuta na rejeta, vyote hupangwa upya. Fundi asiyepima mara tatu kabla ya kukata atajikuta na injini iliyokaa upande, na mtetemo wake utazikata bolti moja baada ya nyingine njiani.

Hata kuchagua kati ya 2H na 1HZ kuna hekima yake. 2H ina nguvu za farasi karibu 100 tu, lakini shafti yake ya kufungulia valvu huzungushwa na gia za chuma. 1HZ ina karibu 130 na ni nyepesi barabarani, lakini huzungusha shafti hiyo kwa mkanda wa mpira ambao unastahili kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini huenda ikawa imekufa kifo cha ghafla. Ndiyo maana wapo wazee ambao hata ukiwapa 1HZ bure, watakuuliza kwanza mkanda wake una umri gani.

Kuna badiliko jingine dogo ambalo utalikuta kwenye 2H nyingi. Toyota iliifunga injini hiyo mota ya umeme ya kukata na kuachilia mafuta. Mota hiyo ikichoka, gari hukataa kuwaka au kukataa kuzimika. Mafundi huing'oa na kuweka waya wa kuvuta kwa mkono kutoka kwenye dashibodi. Ukitaka kuzima, unavuta. Kwisha!

VITA NA JOTO

Adui mkuu wa injini huku ni joto, na katika vita hivi ndipo utaona ustadi wa kweli na makosa ya kweli.

Kwanza ni maji yenyewe. Ardhi ya Wajir ina jasi nyingi, na maji ya visima vyake ni mazito. Mwanafunzi wa kemia atatuambia kwamba ugumu wa maji unaotokana na jasi hauondoki kwa kuchemsha. Tena jasi ina tabia ya ajabu: maji yanapozidi kupata moto, huwa haiyeyuki vyema, bali hujitenga na kuganda. Na wapi penye moto zaidi kuliko ndani ya injini? Basi hugandia kwenye njia za maji na vijibomba vya rejeta, kama ile ganda nyeupe uionayo ndani ya birika. Ganda hilo huzuia joto lisitoke. Dereva mwerevu huweka mtungi wa maji ya mvua kwa ajili ya rejeta, na hayachanganyi na ya kisima ila akishikwa na dharura.

Pili ni rejeta. Mafundi huipeleka mjini ikafumuliwe na kuongezewa safu nyingine ya vijibomba vya shaba, ili maji mengi zaidi yapozwe kwa wakati mmoja. Feni yenye kiungo cha mafuta mazito, ambacho hulegea kikizeeka, hufungwa moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Inapiga kelele na kula nguvu kidogo, lakini haina uvivu.

Tatu ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukidharau, na kikiharibika wanakiziba kwa kitambaa na waya. Hilo ni kosa. Kifuniko kizima huyashikilia maji kwa shinikizo, na kwa shinikizo la kawaida la gari maji hayachemki hadi yapate karibu nyuzi 118 za Selsiasi. Ukiweka kitambaa, yatachemka yakifika 100. Umepoteza nyuzi 18 kwa kukosa kifaa cha bei ndogo kuliko kuku. Na tafadhali, mzazi, mwonye kijana wako asikifungue kifuniko hicho injini ikiwa moto. Mvuke huo humwambua mtu uso.

Nne ndiyo yenye mabishano makali: thermostati. Hiki ni kijilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalofaa, kama nyuzi 82 hivi. Kote Afrika Mashariki mafundi wana desturi ya kukitoa na kukitupa, wakidai kwamba nchi ya joto haikihitaji. Ukiwauliza wale waliobobea watatikisa kichwa.

Sababu yao ni hii. Katika injini nyingi za dizeli thermostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Kijilango cha juu kinapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa thermostati, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji huzunguka humo humo ndani yakiwa moto, na gari ulilotaka kulipoza ndilo linalochemka kilimani. Nayo injini inayoenda ikiwa baridi mno, huku dizeli isiwake vyema, hulika upesi. Kwa hivyo dawa si kutoa thermostati, bali kutafuta ile ya sawa na kuisafisha rejeta.

Wala si watu wa Tarbaj pekee waliopigana vita hivi. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, aligundua njia ya kuokoa maji. Aliunganisha bomba kutoka kwenye rejeta hadi kwenye kopo lililofungwa kando ya gari. Mvuke uliingia ndani ya maji ya kopo ukapoa, na injini ilipopoa, maji yakafyonzwa kurudi kwenye rejeta. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha kijeshi kilichotumia ujanja huo huo jangwani. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yalikuwa yakiwashambulia Waitaliano huko El Wak, kwenye hii hii njia inayopita Tarbaj. Kwa hivyo, msomaji, barabara hii imezikaanga injini za watu wengi.

Hata leo utamwona dereva akisimamisha pikapu ghafla na kuigeuza nyuma ilikotoka. Usiogope kwamba amesahau kitu. Upepo ukivuma kutoka nyuma kwa mwendo sawa na wa gari, rejeta haipati hewa. Anaigeuza ielekee upepo, injini ikiwa inanguruma polepole, mpaka mshale wa joto ushuke.

VUMBI NA SKRUBU YA TAMAA

Baada ya joto ni vumbi. Chembe za mchanga zikipenya hadi kwenye silinda husaga ringi na kuta zake kama msasa. Ndiyo sababu utaona bomba limepanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, likavute hewa mahali ambapo vumbi ni haba. Juu yake hufungwa kikombe kinachoizungusha hewa ili mchanga urushwe kando. Chini, wengi hupendelea kichujio cha zamani chenye bakuli la oili badala ya kile cha karatasi. Karatasi ikiziba lazima ununue nyingine, lakini bakuli unamwaga oili chafu, unaosha na kutia mpya.

Mafuta nayo yana visa vyake. Dizeli ya mapipa huchanganyika na maji na mchanga. Fundi huongeza chujio la pili kabla ya pampu, lenye kikombe cha kukusanyia maji chini yake. Kila asubuhi unafungua kijiko chake na kuyatoa maji. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo tone la maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa na walanguzi huweza kuiua.

Sasa tuje kwenye skrubu ndogo iliyo nyuma ya pampu hiyo, ambayo mimi naiita skrubu ya tamaa. Ukiikaza kidogo, mafuta zaidi huingia na gari hupata nguvu. Vijana huipenda sana. Lakini mafuta yasiyo na hewa ya kutosha hutoa moshi mweusi, na joto la moshi huo hupanda hadi pistoni hupasuka au kuyeyuka. Wengine hufunga turbo kwenye 1HZ ambayo kiwandani haikuwekewa. Inawezekana, lakini bila kipimo cha joto la moshi ni sawa na kumkimbiza punda mpaka aanguke.

MZIGO WA ROHO ZA WATU

Pengine unajiuliza, yote haya ya nini? Hebu tufanye hesabu. Mapipa matano ya lita 200 ni lita 1,000 za maji, yaani tani moja kamili, kabla hujahesabu mapipa yenyewe, dereva, utingo na abiria walioketi juu. Huo ndio mzigo wote ambao pikapu ya aina hii inastahili kubeba. Wakati wa ukame mkubwa wa kati ya 2020 na 2023, silanga zilipokauka na mifugo kufa kwa wingi kote kaskazini, maji ya magari ndiyo yaliyokuwa maji.

Kinyume cha ukame pia ni balaa. Mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998, mvua za El Niño ziliifurika Wajir na Garissa na kuzikata barabara. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na malaria ikawaua watu wengi Wajir. Katika siku kama hizo, injini inayoweza kupita majini bila cheche za kulowa ni tofauti ya uhai na kifo. Vivyo hivyo mama anaposhikwa na uchungu usiku na mkunga akaona kwamba mtoto amekaa vibaya. Kilomita hamsini hadi hospitali ya Wajir si nyingi kwenye lami, lakini ni nyingi mno nyuma ya pikapu inayochemka.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapogeuka kuwa amana. Ukiongeza nguvu ya injini bila kuongeza breki, umetengeneza jeneza. Pikapu za mtindo wa 40 nyingi zilikuwa na breki za ngoma pande zote nne, na ngoma ikilowa au ikipata moto sana hupoteza nguvu. Fundi mwadilifu hukataa kutia injini kubwa mpaka mwenye gari akubali kuweka breki za diski mbele. Akiongeza chuma kwenye springi, humwonya kwamba springi ni ya kuvumilia njia mbaya, si ya kubeba tani mbili. Asiye mwadilifu hufanya aambiwalo, hupokea fedha na kunyamaza.

Kuna na suala la karatasi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, inamtaka mwenye gari awajulishe wasajili anapobadilisha maelezo ya gari lake, ikiwamo injini. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya NTSA. Namba ya injini isipolingana na ya kitabu cha gari, polisi wana haki ya kushuku kwamba injini ni ya wizi, na kampuni ya bima ina kisingizio cha kukataa kulipa. Basi ukinunua pikapu ya zamani, iwe Tarbaj au Gikomba, soma namba ya injini kwanza, ndipo usifie rangi.

LAMI INAKUJA

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 750 kwa mradi mkubwa wa kuiunganisha Isiolo na Mandera kwa barabara, kupitia Modogashe, Wajir na El Wak. Njia ya Wajir, Tarbaj na Kutulo imo ndani yake. Ni barabara ya zaidi ya kilomita 700, na watu wa kaskazini wameingoja tangu uhuru wa 1963.

Wapo watakaosema kwamba lami ndiyo mwisho wa pikapu kuukuu na mafundi wake. Mimi sioni hivyo. Lami itafika kandokando ya mji, lakini mabuli ya wafugaji yako mbali na barabara, na ngamia hawalishi juu ya lami. Kitakachobadilika ni kwamba magari mapya yenye kompyuta yatamiminika, na kijana aliyejifunza kusikiliza injini kwa sikio atahitaji pia kujifunza kuisoma kwa mashine.

Hilo ndilo lililo hatarini kwa kweli. Ujuzi wa chini ya mti haujaandikwa popote. Mzee akifa, hufa nao. Kwa bahati nzuri, mtu aliyejifunza kazi kwa mikono anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, akaanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, na kupata cheti kinachotambuliwa. Mwanafunzi unayesoma makala haya ukiwa shuleni, usimcheke kijana aliyejipaka oili. Joto, shinikizo na kemia ya maji magumu, ambayo wewe unayakariri kwa ajili ya mtihani, yeye huyatumia kila siku.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda miezi isiyo ya mvua, kati ya Juni na Septemba. Beba maji ya kunywa ya kutosha wewe na ziada ya mwenzako. Vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukipewa nafasi nyuma ya pikapu, usilalamike kwamba ni ya zamani. Uliza tu kama thermostati iko mahali pake. Fundi atakutazama vizuri, atacheka, na chai itaagizwa.